Filamu ya matumbawe imemkimbiza mwanafunzi wangu. Niendelee kuonyesha au niache?

Mwalimu wa Sita, Mtwara Vijijini

Habari za leo ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, hasa walimu wenzangu wa mwambao na yeyote anayeishi na wavuvi.

Nafundisha darasa la sita katika shule moja ya msingi upande wa Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kijiji sitakitaja, mtaelewa kwa nini. Mimi mwenyewe ni mtu wa Newala, mtoto wa mikorosho na ming'oko. Bahari nimeijua ukubwani, nilipopangiwa kazi huku miaka minne iliyopita. Nalisema mapema kwa sababu nadhani kosa langu linaanzia hapo.

Tangu nifike nimefundisha mazingira kwa kitabu na ubao. Unachora tumbawe, unaandika "tumbawe ni mnyama", watoto wanaandika "tumbawe ni mnyama", kengele inalia. Wamezaliwa hatua chache kutoka majini, lakini neno lile kwao lilikuwa la mtihani tu. Ndipo nikapata wazo la filamu. Rafiki yangu wa mjini anayepiga picha za harusi aliniazima projekta na spika, akanijazia kwenye flashi filamu ya dakika 50 kuhusu matumbawe, ya Kiingereza. Tukaziba madirisha na mlango kwa magunia ya korosho, shuka langu jeupe likatundikwa ukutani, watoto 74 wakajibana sakafuni. Mle ndani kulikuwa na joto kama tanuri la chokaa na hakuna aliyenung'unika.

Mwanzo ulikuwa furaha tupu. Walikuwa wakiwataja samaki kabla mimi sijawatambua: "Tasi hao! Kangu! Chewa yule, tazama mdomo!" Kuna binti ambaye hajanyoosha mkono tangu Januari. Siku ile alisimama bila kuitwa akatueleza pweza anavyobadili rangi akihisi mkuki uko karibu, na namna ya kulitambua pango lake kwa vipande vya kaa alivyotupa mlangoni. Huenda mwambani na bibi yake kila bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida. Nilimsikiliza huku nikikumbuka alama nilizompa kwenye mtihani wa sayansi, nikaona aibu.

Kisha ikaja sehemu ya baruti. Sikuwa nimeitazama filamu yote kabla ya kuwaonyesha, na hilo nalikiri. Bomu linapasuka chini ya maji, samaki wanaporomoka kama majani makavu, mwamba unageuka kifusi. Darasa likanyamaza, maana wengi wao wameshausikia mlio ule wakiwa wanaogelea. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Kama baba yake fulani." Akamtaja jina. Darasa zima likageukia upande mmoja.

Mtoto huyo ana miaka 12, mpole, hodari wa hesabu. Hakulia. Aliinuka, akawaruka wenzake, akafunua gunia la mlangoni akaenda zake. Mwanga ulioingia alipofunua gunia uliifuta picha yote, tukabaki tunatazama shuka. Leo ni siku ya tisa hajaja shule.

Nikisema niache filamu, namfikiria yule binti wa pweza. Nikisema niendelee, karibu kila filamu ya mazingira niliyoiona ina mahali inapomtafuta mkosaji, na huku kwetu mkosaji ana jina, na mwanawe amekaa dawati la tatu. Hata nikihamia kwenye mikoko ni yale yale: atakayeonyeshwa na shoka mkononi ni baba au mjomba wa mtu, na madaftari ya watoto wale yamenunuliwa kwa boriti na kuni zilezile.

Nifundisheje? Na kwa huyu mtoto nianzie wapi? Nimeshauriwa shuleni nimwandikie mzazi barua ya utoro. Nimeishika kalamu mara mbili na mara mbili nimeiweka chini.

---

Mstaafu wa Lindi

Mwalimu, mwanangu, pole. Barua hiyo usiiandike. Mtu ametajwa mbele ya watoto 74, halafu wiki inayofuata anapokea karatasi yenye mhuri wa shule. Ataisoma kama hati ya mashtaka hata kama ndani umeandika salamu.

Nenda mwenyewe, baada ya magharibi, watu wakiwa wameshakula. Usiende na mjumbe wala daftari la mahudhurio. Ukikaribishwa mkeka, kaa mkekani. Anza na hesabu za mtoto, kwamba ni hodari, maana baba aliyezoea kuitwa shuleni kwa mabaya hajui habari hiyo. Filamu ataitaja mwenyewe. Asipoitaja, itaje wewe kabla hujaaga, kwa sababu wewe ndiye uliyeileta kijijini.

Kuhusu kuonyesha, nina kumbukumbu moja. Nilipokuwa kijana gari la sinema lilikuwa linakuja vijijini huku kwetu, na watu walitembea mbali kuliwahi. Filamu zilikuwa za kilimo, za vyoo, za kuchemsha maji. Bwana aliyeshika kipaza sauti hakuiacha picha iseme peke yake hata dakika moja. Akiona shamba la pamba kwenye picha anasema, "Nyinyi hapa mna mihogo, tazameni nafasi ya mstari na mstari." Alikuwa ameshazunguka kijijini mchana kutwa akiuliza watu wanalima nini. Kuzunguka kule ndiko ambako wewe hukufanya, na si kwa ubaya.

Tena kuna mambo ya tabianchi unayoweza kuwaonyesha ambayo hayamtafuti mtu kijijini. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotukaribia, TMA, watu wa hali ya hewa, walitangaza mapema, vyombo vikavutwa juu, na mvua iliyofuata ikakata barabara ya Dar upande wa Somanga. Simu za watu zimejaa video za siku zile. Zikusanye, uziunge, hiyo ni filamu tosha. Kisha mtafute bibi au babu wa miaka 80 na zaidi awaeleze watoto kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Mama yangu alinibeba mgongoni siku hiyo. Mpaka anaondoka duniani, upepo ukivuma usiku alikuwa anaamka kutuhesabu, watu wazima wenye wake zetu.

Ila ninakuomba, usiwaambie kwamba kila upepo mkali ni mabadiliko ya tabianchi. Watarudi nyumbani, babu atawaambia habari ya 1952, na wewe utaonekana mwongo. Waambie kimbunga hula joto la bahari, na bahari sasa ina joto kuliko ya wakati wa mama zetu. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyabeba yote mawili.

---

Mvuvi wa Mikindani

Mwalimu mimi si mwandishi lakini hili sikuweza kulipita.

Nimepiga baruti miaka mitano. Niliacha 2016. Kwa hiyo nasema ninachokijua. Filamu yako haikudanganya kwa iliyoyaonyesha. Samaki huporomoka hivyohivyo, na wanaoelea ni wachache, wengi huzama ukawaacha chini. Mahali nilipopiga mimi mwaka 2013 nimerudi kuzamia mwaka jana. Bado kifusi. Vipande vinaviringika na mkondo, basi tumbawe changa likitaka kushika halipati pa kutulia. Changu huwaoni, pono huwaoni. Miaka yote hiyo. Na jambo hili limepigwa marufuku tangu 1970, kabla sijazaliwa, kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Lakini filamu ilionyesha mkono mmoja tu, unaorusha. Mimi sikuwahi kununua baruti hata siku moja. Ililetwa. Mwenye chombo alikuwa mwingine. Mnunuzi aliyesubiri pwani alfajiri alikuwa mwingine, na alijua anachonunua, kwa sababu samaki wa baruti ukimshika amelegea, ukimpasua ndani ni damu na mifupa imeachia. Mkaangaji alijua. Aliyekula na wali alijua au hakutaka kujua. Mimi niliyerusha ndiye niliyepata kidogo kuliko wote, na mwenzangu aliyekuwa anarusha chombo cha jirani leo anafunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja.

Kama ningekuwa mwalimu, filamu ikifika pale ningeisimamisha niwaulize watoto: samaki huyu mpaka afike sahanini amepita mikono mingapi? Waihesabu ubaoni. Wengi watakuta mikono ya nyumbani kwao imo, na hakuna atakayebaki na ujasiri wa kumnyooshea mwenzake kidole.

Yule mtoto asipotee mwalimu. Mtoto wa miaka 12 akishakaa wiki mbili baharini akaona hela ya samaki, kumrudisha darasani ni kazi.

---

Mtafsiri wa Banda, Mtwara mjini

Kaka mwalimu, mimi nina banda la video na kazi yangu ni kutafsiri filamu kwa mdomo, tangu enzi za kanda. Mengine wazee wamemaliza, mimi naongelea ufundi.

Zima sauti kabisa. Spika rudisha kwa mwenyewe. Kiingereza kile kinawafanya watoto wasome picha bila wewe, na picha bila neno kila mtu anaijaza lake, ndiyo maana yule wa nyuma alijaza jina la mtu. Ukiwa wewe unasema, nafasi ya kujaza haipo. Mtafsiri wa banda habadilishi maneno tu, anabadilisha na mahali. Mwigizaji akiingia soko la Bangkok, mimi nasema ameingia soko kuu la Mtwara, watu wanaelewa palepale kuna msongamano gani. Wewe sema "huu ni mwamba kama ule wa kule Ruvula", taja samaki kwa majina yao ya hapo.

Filamu itazame mara tatu kabla. Ya kwanza kama mtu anayeburudika, ya pili ukiandika dakika na sekunde za kila kipande, ya tatu ukiigiza maneno yako mwenyewe chumbani. Dakika 50 ni nyingi mno kwa mtoto aliyekaa sakafuni. Kata vipande vya dakika 10 hadi 12, kimoja kwa wiki. Wakati mzuri ni asubuhi vipindi vya kwanza. Mchana mtaungua mle ndani, na alasiri nusu ya darasa iko madrasa, utaonyesha viti.

Na shuka usilitundike ukuta unaotazamana na mlango. Litundike ukuta wenye mlango, ili gunia likifunuliwa mwanga uupige mgongo wa shuka au upite pembeni. Hata mtoto akitoka kwenda haja, wenzake hawapotezi picha.

---

Dada wa Mwambani, Kilwa Masoko

Nakubaliana na wote, hasa mvuvi, na nimesoma maneno yake mara mbili. Naongeza kitu ambacho filamu nyingi hukiweka mwishoni, wakati watoto wameshachoka.

Baruti siyo muuaji pekee wa matumbawe, na kwa miaka ya karibuni huku kusini imepungua sana. Muuaji mwingine ni joto. Ndani ya mwili wa tumbawe wanaishi viini vidogo vya mwani vinavyompa rangi na sehemu kubwa ya chakula chake. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huwafukuza, hubaki jeupe kama chokaa, na joto lisiposhuka hufa kwa njaa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe yalipauka hivyo kwenye sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ya magharibi, Tanzania ikiwemo. Hakuna mvuvi aliyefanya hilo. Bara zima la Afrika linatoa chini ya asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotoka kwenye mafuta, makaa ya mawe na gesi duniani. Mtoto wa Msimbati anastahili kuambiwa hivyo waziwazi: kuna madhara yaliyofanywa hapa na yanaweza kuachwa hapa, na kuna madhara yaliyokuja na maji kutoka mbali. Ukiyachanganya, unambebesha baba wa mtu mzigo wa dunia.

Mwalimu, tafuta pia filamu ambamo mwenye kamera ni mtu anayefanana na wazazi wao. Ipo moja ya mwaka 2017, Thank You for the Rain, ambayo Kisilu Musya, mkulima wa Kenya, aliwarekodi familia yake na mashamba yao katika ukame na mafuriko, akishirikiana na mtengenezaji filamu wa Norway, Julia Dahr. Ndani yake baba wa familia anakosea, anabishana na mkewe, anapanda miti, mvua inamgomea. Haihusu bahari, lakini watoto wataona baba anayehangaika kutengeneza kitu. Kwa darasa lako nadhani hilo lina maana kuliko samaki wa rangi.

---

Mwalimu wa Sita, Mtwara Vijijini

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu.

Mzee wangu wa Lindi, shikamoo. Nilikwenda. Baada ya magharibi, mikono mitupu. Nilikaribishwa mkeka. Nikaanza na hesabu kama ulivyonielekeza, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu baba alifurahi. Alimwita mkewe aje asikie. Kumbe mtoto hakusema neno. Mama aliambiwa tumbo linauma, baba aliambiwa walimu wako semina. Siku zote zile alikuwa anakwenda na baba yake kuvua kwa mishipi, na baba alikuwa anaona fahari kwamba mwanawe anapenda kazi.

Kwa hiyo habari ya filamu ilibidi itoke kinywani mwangu. Nilimweleza yote, hata jina lililotajwa. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini akikunjua mshipi uliojifunga, na nilimwona mikono imesimama.

Baba alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nimeacha mwaka juzi. Niliacha mchana, pwani, watu wakiona. Hakuna aliyelizungumza." Sikuwa na jibu. Nilimwomba radhi. Nilimwomba na mtoto radhi, mbele ya wazazi wake, na sidhani kama aliwahi kumsikia mwalimu akifanya hivyo, kwa sababu aliutupa mshipi chini akaingia ndani.

Jumatatu alikuja shule. Hakukaa dawati la tatu, amekaa la mwisho, karibu na mlango. Sijamhamisha. Aliyemtaja baba yake nilimwita peke yake tukazungumza, na yule naye nikagundua mjomba wake ni mnunuzi wa samaki. Mvuvi wa Mikindani, nilikukumbuka.

Filamu tumeirudia, kipande cha dakika 11, sauti imezimwa, shuka ukuta wenye mlango. Binti wa pweza ndiye aliyekuwa mtafsiri. Mimi nilishika kitufe cha kusimamisha tu. Tulibishana nusu saa kuhusu pono anayeuma mwamba: anakula jiwe au anakula mwani? Wavulana wawili walisema ukimpasua unakuta mchanga tumboni, kwa hiyo anakula jiwe. Nikawaambia wote wamepatia, anakwangua mwani na jiwe linapita naye likitoka mchanga, na kwamba sehemu ya mchanga mweupe wa pwani yetu ilitoka huko. Kelele zilizofuata zilimleta mwalimu wa darasa la pili mlangoni.

Kipande cha baruti sijakionyesha tena. Baba, aliponisindikiza njiani usiku ule, aliniambia nisikikate, ila siku nitakayokionyesha nimwite. Bado nalifikiria. Naogopa kumgeuza mtu kuwa zana ya kufundishia mbele ya mwanawe, hata kama amejitolea mwenyewe. Nitamuuliza mtoto kwanza.

Kabla ya hapo nataka niwapeleke mwambani kwenyewe. Bibi yake yule binti amekubali kututangulia. Mvuvi, naomba unisaidie jambo ambalo mtu wa Newala hajui: bamvua la mwezi mpevu, maji yanakauka saa ngapi, na watoto 74 niwagawe vipi?

---

Mvuvi wa Mikindani

Ahsante kwa kwenda mwalimu.

Maji ya mwezi mpevu yanakauka sana kwenye saa nne asubuhi, siku mbili tatu baada ya mwezi kujaa ndiyo kupwa kukubwa. Mfike pwani saa mbili na nusu, mfuate maji yanavyotoka, saa tano muwe mmeshageuka. Maji yakianza kujaa hayaji kwa mbele tu, yanapita nyuma yenu kwenye mikondo, na mtoto mfupi anaweza kukatiwa njia.

Usiwapeleke 74 siku moja. Nusu bamvua hili, nusu la mwezi mchanga. Kila mtu avae raba au makubadhi magumu, mwambani kuna miiba. Wasikanyage tumbawe hai, wapite kwenye mchanga na majani. Na bibi akisema simameni, wasimame wote, na wewe pia.

Yule kijana mpe kazi ya kuangalia maji nyuma. Amekaa baharini na baba yake, ataijua.